UZI: Wiki ya Mechi Marekani, jinsi kompyuta inavyowapangia madaktari hospitali za kusomea ubingwa. Nimepita humo, ulizeni

#1 Mganga Ughaibuni
Jumapili, 16 Machi 2025

Wakuu, salamu kwenu, na mliofunga swaumu njema.

Kesho inaanza wiki ambayo madaktari wengi huku Marekani hawapati usingizi. Wenyewe wanaiita Mechi. Mtu akishamaliza udaktari na akataka ubingwa (huku ndiyo rezidensi), haajiriwi na hospitali moja moja kwa barua. Anaomba, anaitwa intavyuu kuanzia Oktoba mpaka Januari, halafu anaandika orodha ya hospitali zilizomhoji: namba moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Hospitali nazo zinaandika orodha ya watu ziliowahoji. Orodha zote zinakwenda kwenye shirika liitwalo NRMP, kompyuta inazisoma kwa pamoja, na Ijumaa ya tatu ya Machi saa sita mchana kwa saa za New York kila mtu anapata jina la hospitali moja tu. Kwa saa za Dar ni saa moja jioni. Jibu lenyewe ni mkataba. Hakuna "ngoja niongee na familia".

Mwaka jana kulikuwa na nafasi 41,503. Waliosoma udaktari wa MD hukohuko Marekani na walikuwa mwaka wa mwisho, asilimia 93.5 walipata. Sisi tuliosoma nje na si raia, asilimia 58.5. Kwa hiyo kama wanne katika kila kumi wetu wanarudi kupanga upya.

Kilichonifanya nifungue uzi ni ushauri ninaouona kwenye magrupu kila mwaka: "usiweke hospitali kubwa namba moja, utachoma nafasi, weka ile unayoona itakuchukua." Huo ushauri ni mbovu na nataka tuuzike hapa. Mimi niko mwaka wa pili, magonjwa ya ndani. Ulizeni.

#2 Kijiwe Nongwa
Jumapili, 16 Machi 2025

Mechi gani tena mkuu, ile ya Simba na Yanga ya tarehe 8 iliyoahirishwa? 😂

Nakaa hapa na kahawa yangu.

#3 binti_pwani
Jumapili, 16 Machi 2025

Kaka asante kwa uzi, umenikuta roho iko mkononi. Niko Tanga, nasubiri hiyo hiyo Mechi. Intavyuu nilipata saba, zote za mtandaoni, nimekaa mbele ya kompyuta na shuka jeupe nyuma yangu kuficha kabati la mama. Orodha tulishafunga mwanzoni mwa mwezi kwa hiyo sina cha kubadili. Ila naomba unieleze jambo moja kama unamweleza mtoto: hiyo kompyuta inafanyaje? Maana mimi niliweka namba moja hospitali ambayo najua kabisa ni ya wakubwa, tangu siku ile najilaumu.

#4 Mganga Ughaibuni
Jumapili, 16 Machi 2025

Dada usijilaumu. Chukua hii kama mambo ya posa.

Kuna waombaji watatu: Neema, Baraka na Salma. Kuna hospitali tatu za kubuni, Ziwani, Bandarini na Kilimani, kila moja ina nafasi moja.

Neema anataka Ziwani, kisha Bandarini. Basi. Kilimani walimhoji na walimpenda lakini ni mji mdogo wa baridi, akaidharau, hakuiandika.
Baraka: Ziwani, Bandarini, Kilimani.
Salma: Bandarini, Ziwani, Kilimani.

Upande wa pili, Ziwani inampenda Salma, kisha Neema, kisha Baraka. Bandarini: Baraka, Salma, Neema. Kilimani: Salma, Baraka, Neema.

Sasa posa zinaanza. Neema anapeleka Ziwani. Ziwani hawana mtu, wanaipokea, lakini sikia vizuri: wanaipokea, hawajaikubali. Mahari haijapokelewa. Baraka naye anakwenda Ziwani. Pale wanaangalia orodha yao, Neema yuko juu yake, Baraka anarudishwa. Anakwenda Bandarini, hapana mtu, anashikiliwa. Salma anapeleka Bandarini. Wanampenda zaidi Baraka, anarudishwa. Anakwenda Ziwani. Ziwani wanamwona Salma, ndiye namba moja wao! Wanamwambia Neema samahani. Neema anaondoka na posa yake kwenda Bandarini, anamkuta Baraka, anarudishwa. Anafungua orodha yake, imekwisha.

Mwisho: Salma Ziwani, Baraka Bandarini, Neema hana kitu, Kilimani nafasi iko wazi.

Umeona Baraka? Alijaribu Ziwani akakataliwa, na kukataliwa kule hakukumpunguzia chochote Bandarini. Hakuna anayemkuta pale akamwambia "umechelewa". Hakuna kuchelewa, kwa sababu hakuna posa inayofungwa mpaka wote wamemaliza kutembea. Kwa hiyo kuweka ya wakubwa namba moja hakukuchomei namba mbili. Na wao hawaioni orodha yako.

#5 Fundi Saa
Jumapili, 16 Machi 2025

Neema ndiye anapeleka posa, dunia imegeuka 😂

Lakini mkuu sijashawishika. Mimi si daktari, natengeneza simu Kariakoo, lakini mahesabu nayapenda. Nimechukua karatasi. Neema angekuwa mjanja akaiweka Bandarini KWANZA kabla Baraka hajafika, si angewahi?

#6 Fundi Saa
Jumapili, 16 Machi 2025

Ngoja nijijibu, nimeifanya.

Neema Bandarini, anashikiliwa. Baraka Ziwani, anashikiliwa. Salma anakuja Bandarini, wanampenda kuliko Neema, Neema nje. Neema anakwenda Ziwani, wanampenda kuliko Baraka, Baraka nje. Baraka anakwenda Bandarini, wanampenda kuliko Salma, Salma nje. Salma anakwenda Ziwani, wanampenda kuliko Neema, Neema nje. Orodha imekwisha.

Yale yale! Salma Ziwani, Baraka Bandarini, Neema mtaani. Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea.

#7 Mwalimu Pembetatu
Jumapili, 16 Machi 2025

Fundi, umefanya kwa karatasi jambo ambalo wenzako walilithibitisha kwa miaka. Nafundisha hisabati chuo, somo hili huwa nalipeleka darasani siku wanafunzi wakisinzia.

Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley waliandika makala fupi kuhusu udahili wa vyuo na ndoa. Ndoa kwelikweli, wanaume na wanawake wenye orodha za kupendana, kwa hiyo posa ya mleta uzi iko mahali pake. Walionyesha kwamba ukiendesha posa kwa mtindo huu wa kupokea bila kukubali, daima unapata mpangilio ambao hakuna wawili wanaoweza kutoroshana. Maana yake hakuna Neema na Ziwani ambao wote wawili wanapendana kuliko walichopewa. Baadaye wengine wakathibitisha kwamba upande unaopeleka posa haupati faida kwa kudanganya orodha yake.

Kinachofurahisha ni kwamba madaktari walikuwa wanaitumia kabla ya makala hayo. Zamani hospitali za Marekani ziligombea wahitimu kama madalali wa stendi. Kila moja ilitaka kuwahi, kufikia miaka ya 1940 mwanafunzi aliahidiwa nafasi miaka miwili kabla ya kumaliza, wakati hata mgonjwa hajamshika vizuri. Vyuo vikakubaliana kuanzia 1945 visitoe taarifa za wanafunzi mapema. Ikazuka balaa nyingine: hospitali inakupigia, "tunakutaka, jibu sasa." Muda wa kujibu ulikuwa siku kumi, ukapungua mwaka hadi mwaka, na 1949 ilipopendekezwa mwanafunzi apewe angalau saa 12 za kufikiri, hospitali zikasema saa 12 ni nyingi mno!

Ndipo wakaja na ofisi moja ya kupanga. Mechi ya kwanza ya kweli ilifanyika 1952.

#8 Kijiwe Nongwa
Jumapili, 16 Machi 2025

Saa 12 nyingi? Huku kwetu fundi anakuahidi suruali siku ya Idi, unaipata Idi ya pili.

#9 Mwalimu Pembetatu
Jumapili, 16 Machi 2025

Nimalizie kipande kimoja maana ndicho ninachokipenda. Mfumo uliotaka kutumika mwanzoni ulikuwa na kasoro ile ile anayoiogopa binti_pwani: ukiweka ya wakubwa juu ukaikosa, ulijikuta umepitwa na zile za chini. Wanafunzi ndio waliogundua. Mmoja wao, W. Hardy Hendren wa Harvard, alikusanya wenzake kutoka vyuo vingine wakapinga mpaka kanuni ikabadilishwa. Huyo baadaye akawa daktari mkubwa wa upasuaji wa watoto. Kwa hiyo hofu ya dada yetu si ya kijinga, ni hofu iliyokuwa na ukweli miaka 70 na kitu iliyopita, na ikatibiwa.

Iliyobaki: kanuni ya 1952 ilianzia upande wa hospitali, yaani hospitali ndizo zilizopeleka posa. Alvin Roth alilionyesha hilo 1984. Miaka ya 1990 wanafunzi wakapiga kelele kwamba inawapendelea hospitali, Roth na Elliott Peranson wakaisuka upya ianzie kwa waombaji, ikaanza kutumika Mechi ya 1998. Cha ajabu, walipolinganisha matokeo ya zamani na mapya, waliobadilika walikuwa kama mmoja kati ya waombaji elfu moja. Roth na Shapley walipata Nobel ya uchumi 2012. Gale alikuwa amefariki 2008.

#10 Daktari wa Wilaya
Jumatatu, 17 Machi 2025

Nimesoma yote usiku, zamu ilikuwa tulivu. Hongera dogo, umeeleza vizuri. Sasa mimi ni mzee kidogo, niko wilayani mwaka wa 14, na nina swali la kukera.

Umesoma kwa mkopo wa Bodi. Umefanyia intanishipu (mafunzo ya kazi baada ya chuo) kwenye wodi zetu, kwa wagonjwa wetu, ukakosea ukarekebishwa. Leo unawafundisha wenzako njia ya mlango. Hapa nilipo hospitali nzima haina bingwa hata mmoja wa magonjwa ya ndani. Hiyo kompyuta yenu yenye Nobel ina orodha ya hospitali yangu?

#11 Mganga Ughaibuni
Jumatatu, 17 Machi 2025

Shikamoo daktari.

Swali ni la haki, sitalikwepa. Mkopo wa Bodi naulipa kila mwezi lakini najua hicho sicho unachouliza.

Nilipomaliza intanishipu nilikaa karibu miaka miwili bila ajira, najitolea kwenye hospitali moja, nalipwa nauli. Ubingwa nyumbani ningelipa ada mimi mwenyewe na bado nizunguke wodi usiku kama kila rezidenti. Huku wananilipa, dola elfu sitini na kitu kwa mwaka, kwa saa zisizozidi 80 kwa wiki kwenye karatasi. Sijisifu, nakwambia tu mzani ulivyokaa.

Na viza yetu ya J-1 haikusahau. Ili upewe, wizara ya afya ya nchi yako lazima iandike barua kwamba ubingwa huo unahitajika nyumbani. Ukimaliza unatakiwa urudi miaka miwili. Njia ya kukwepa ipo: ukikubali kufanya kazi miaka mitatu kwenye maeneo yao yenye uhaba wa madaktari, unasamehewa, na kila jimbo lina nafasi 30 za msamaha huo kwa mwaka.

#12 Daktari wa Wilaya
Jumatatu, 17 Machi 2025

Marahaba.

Kwa hiyo kijiji cha Wamarekani kinatibiwa na daktari wa Bodi ya Mikopo, na kijiji changu kinabaki na barua ya wizara.

#13 Mwalimu Pembetatu
Jumatatu, 17 Machi 2025

Daktari, naomba niingie kwa heshima. Roth alithibitisha jambo mwaka 1986 ambalo linahusu hospitali kama yako hata zilizo hukohuko Marekani. Viongozi walikuwa wanauliza: si tubadili kanuni kidogo ili hospitali za vijijini zijaze nafasi zake? Jibu likatoka kwamba haiwezekani. Kama hospitali imebaki na nafasi wazi kwenye mpangilio mmoja usio na watu wa kutoroshana, basi itabaki na wale wale wachache katika kila mpangilio wa namna hiyo. Unaweza kuzungusha kanuni mpaka uchoke. Mashine inapanga mapenzi yaliyopo, haiumbi mengine. Ukitaka Kilimani ijae, lazima ubadili Kilimani yenyewe: nyumba, mshahara, shule ya watoto.

#14 Daktari wa Wilaya
Jumatatu, 17 Machi 2025

Hilo la nyumba nilishaliandika kwenye ripoti mara nyingi kuliko miaka yangu ya kazi. Asante mwalimu, angalau sasa najua kuna hisabati inayoniunga mkono.

#15 Nyakio wa Thika
Jumatatu, 17 Machi 2025

Wadau wa Bongo, hamjambo. Hii ni kama KUCCPS yetu ya Kenya tu, ile ya kupangia wanafunzi vyuo? Unachagua kozi, kompyuta inakupeleka mahali hujawahi kusikia.

Kwetu hapa hata hatujafika kwa mambo ya ubingwa, shida inaanzia intanishipu. Mwaka jana madaktari waligoma kutoka katikati ya Machi mpaka tarehe 8 Mei, siku 56, na jambo kubwa lilikuwa intani: kupangiwa vituo kwa wakati na kulipwa. Mkataba wa 2017 ulisema shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikaja na 70,000. Mtu anakaa nyumbani na digrii yake akingoja barua ya kupangiwa kituo. Hiyo mechi yenu hata kama ni ngumu, angalau tarehe inajulikana.

#16 Mganga Ughaibuni
Jumatatu, 17 Machi 2025

Nyakio karibu. Tofauti na KUCCPS ni kwamba pale vyuo havina mapenzi, vina alama zako tu. Huku hospitali inakuona uso, inasoma barua za waliokufundisha, inaamua inakupenda kiasi gani.

Na ndiyo maana nasema kompyuta si adui. Ukiwa na intavyuu moja hata kanuni ya malaika haikusaidii. Vita yote iko kabla ya Februari.

#17 Mvua za Leeds
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mkilalamikia mapenzi ya hospitali, njooni Uingereza. Huku wahitimu wanaokwenda kwenye ile miaka miwili ya mwanzo, kuanzia 2024 kompyuta inawapa namba za bahati nasibu tu. Alama za chuo haziangaliwi, mtihani wa maamuzi uliokuwepo umefutwa. Sababu iliyotolewa ni usawa. Mtoto wa dada yangu ametupwa mbali na mchumba wake, na hakuna aliyekosea mahali popote. Namba tu.

#18 Mama Wawili
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mvua za Leeds umenigusa kwenye mchumba. Mimi na mume wangu tuliingia Mechi kama wanandoa, inaruhusiwa. Hamuandiki orodha ya hospitali, mnaandika orodha ya JOZI. Yeye hapa na mimi pale, mji huu. Yeye pale na mimi hapa, mji ule. Tulikuwa na intavyuu kumi na moja yeye na nane mimi, karatasi zetu zilifunika sakafu ya sebule, tukawa tunatembea kwa kunyata.

Ugomvi ulianza chini ya orodha. Mnatakiwa muamue kama mnaandika pia jozi za "yeye apate, mimi nikose" na kinyume chake. Usiku wa manane mnakaa mnajadili nani kazi yake ife. Sijawahi kugombana na mume wangu vile, na hatujawahi kugombana vile tena. Tuliandika zote mbili, ya kwangu kwanza kisha ya kwake. Hazikuhitajika alhamdulillah, tuko mji mmoja, hospitali mbili tofauti, dakika 40 kwa gari.

#19 Mwalimu Pembetatu
Jumatatu, 17 Machi 2025

Wanandoa ndio wanaowaumiza kichwa watu wa hisabati. Wakiingia watu wanaotaka kupangwa wawili wawili, uhakika wa kwamba mpangilio usio na watu wa kutoroshana upo unavunjika. Unaweza usiwepo kabisa. Kwa vitendo kanuni ya Roth na Peranson imekuwa ikiupata, lakini hakuna anayeweza kuapa kwa mwaka ujao.

#20 Kipimajoto
Jumatatu, 17 Machi 2025, usiku

Nimekuwa msomaji tu tangu jana. Leo matangazo ya kwanza yametoka, wanakwambia umepata au hujapata, bado hawasemi wapi.

Sijapata.

#21 binti_pwani
Jumatatu, 17 Machi 2025, usiku

Pole sana kaka yangu. Pole. Mimi nimeambiwa nimepata, nilikuwa nakuja kuandika hapa kwa furaha, nimefuta.

#22 Mganga Ughaibuni
Jumatatu, 17 Machi 2025, usiku

Pole ndugu. Nisikilize, usilale bado.

Kuna SOAP, sisi tunaiita sabuni. Wiki hii hii, nafasi zilizobaki wazi zinatolewa orodha na unaweza kuomba mpaka 45. Alhamisi kuna raundi nne za kutoa nafasi, ukiletewa una saa mbili tu za kukubali. Yaani ule mtindo wa 1949 umerudi kwa mlango wa nyuma. Nafasi zipo: 2023 tiba ya dharura peke yake ilibakiza zaidi ya 550, na mwaka jana watoto walibakiza nyingi. Usimpigie mkuu wa programu, usiandike barua pepe, kabla hawajakutafuta wao ni kosa na wanaweza kukufungia. Sitakudanganya, kwa mtu anayehitaji viza sabuni ni nyembamba. Lakini peleka zote 45.

Na kuna jambo sikusema jana. Neema ni mimi.

Mwaka 2022 nilikuwa na intavyuu tano. Hospitali moja ikaniandikia baada ya usaili, maneno matamu, kwamba wananiona nafaa sana na wanatarajia kufanya kazi nami Julai. Sheria inakataza wakuulize utawaweka namba ngapi, lakini kukusifia hawakatazwi, na sifa si ahadi. Mimi nikaisoma kama nikaha. Nikawaweka namba moja, wakati nilikuwa nimewapenda kama wa tatu hivi. Nikaona mambo yameisha, nikafuta hospitali mbili za mwisho kwa sababu ya theluji. THELUJI. Nikabaki na majina matatu.

Jumatatu ile nilipata ujumbe kama wako. Mama alikuwa ameshawaambia majirani.

Mwaka uliofuata nilikuwa na tisa, nikaandika tisa, kwa mpangilio wa moyo wangu bila kuangalia barua ya mtu. Nilipata namba nne. Ni mji wenye theluji.

#23 Fundi Saa
Jumatatu, 17 Machi 2025, usiku

Nimerudi kwenye karatasi yangu nikaiongeza Kilimani chini kabisa ya orodha ya Neema. Anaipata. Salma na Baraka hawaguswi.

#24 Kipimajoto
Jumanne, 18 Machi 2025

Asanteni. Nimepeleka 45.

Kwa anayetaka kujua gharama kabla ya kuota: mitihani miwili ya USMLE (ya leseni ya udaktari Marekani), Step 1 na Step 2, kila mmoja unapita dola 1,000. Step 1 siku hizi ni kufaulu au kufeli tu tangu 2022, kwa hiyo wanakuangalia Step 2. Kuna mtihani wa Kiingereza cha kitabibu juu yake, ingawa umesoma miaka mitano kwa Kiingereza. Maombi kupitia ERAS (mfumo wa mtandaoni wa kuombea) msimu wa 2025 yalikuwa dola 11 kwa kila programu kwa zile 30 za kwanza, kuanzia ya 31 dola 30 kila moja. Niliomba 100, fanyeni hesabu wenyewe. Intavyuu mbili.

#25 Fundi Saa
Jumanne, 18 Machi 2025

Dola 2,430. Hela ya kufungulia duka la simu.

#26 Nyakio wa Thika
Jumanne, 18 Machi 2025

Swali kidogo. Kama nchi yao ina uhaba wa madaktari kiasi cha kuwasamehe viza wanaokwenda vijijini, mbona nafasi za mafunzo ni chache kuliko waombaji?

#27 Mganga Ughaibuni
Jumanne, 18 Machi 2025

Kwa sababu sehemu kubwa ya mafunzo inalipiwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee, na mwaka 1997 Bunge liliweka dari ya nafasi inazolipia. Dari hiyo ilikaa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuongezwa nafasi 1,000 tu, kwa sheria iliyopitishwa Desemba 2020. Kompyuta haihusiki hapo. Wenye Mechi waliwahi kushtakiwa pia, 2002, madaktari walidai Mechi ni njama ya hospitali kushusha mishahara kwa kuwa huwezi kujadiliana bei. Mwaka 2004 Bunge likapitisha sheria ya kuikinga Mechi, kesi ikafa. Hoja ya mishahara naona bado ina nguvu, lakini nikiwa na zamu ya usiku kesho sina hamu ya kuitetea.

#28 Kipimajoto
Alhamisi, 20 Machi 2025

Raundi nne zimeisha. Simu haikulia.

Daktari wa Wilaya, samahani kwa kukusumbua. Huko kwenu kuna nafasi ya kujitolea?

#29 Daktari wa Wilaya
Alhamisi, 20 Machi 2025

Njoo inbox. Nyumba ya kukaa ipo, choo ni cha nje.

#30 binti_pwani
Ijumaa, 21 Machi 2025

Tumefuturu haraka, uji umenishinda. Saa moja na dakika mbili imeingia. Nimepata namba SITA kati ya saba. Ya wakubwa haikunichukua, ya pili haikunichukua, mpaka nikafika kwenye Kilimani yangu, nikaikuta imenisubiri.

Nimetafuta huo mji kwenye ramani. Januari baridi inakwenda nyuzi 20 chini ya sifuri. Mama anauliza kama kanga mbili zitatosha.

#31 Mganga Ughaibuni
Ijumaa, 21 Machi 2025

Hongera dada!! Mwambie mama kanga ni za ndani. Koti usinunue Tanga, watakuuzia la mvua. Subiri ufike, nitakuelekeza duka la mitumba.